Jinsi ya Kutengeneza Jalada la Gemu la Michezo Linalosomeka Hata Likiwa Dogo

Gemu langu la kwanza kuingia sokoni lilihusu mashindano ya mitumbwi katika Ziwa Viktoria, na jalada lake lilinichukua wiki tatu kulichora. Nilichora ghuba ya Mwanza kama inavyoonekana ukiwa juu ya mawe ya Capri Point, Jiwe la Bismarck likiwa pembeni, nyange wakiruka, na katikati mtumbwi mrefu wenye wapiga makasia kumi na wanane walioinama kwa pamoja. Kwenye kompyuta picha ilipendeza. Binamu yangu, ambaye ni fundi simu pale Makoroboi, aliifungua kwenye simu iliyokuwa mezani pake, akaisogeza karibu na macho, kisha akaniuliza kwa upole kabisa: "Kaka, hili gemu lako ni la chanuo?" Nilipoitazama tena, niliona alichokiona: mtumbwi ulikuwa mgongo wa chanuo, na makasia yalikuwa meno yake.

Mwongozo huu unaeleza njia niliyoifuata nilipolichora upya jalada lile. Mifano yangu ni ya makasia, lakini anayetengeneza gemu la soka, ngumi au riadha atapita njia hiyo hiyo.

Hatua ya kwanza: anza na ukubwa ulio mdogo kuliko wote

Mnunuzi hakutani na jalada lako likiwa limejaa kioo chote. Hukutana nalo kwenye orodha, likiwa limebanwa na majalada mengine, na mara nyingi likiwa dogo kuliko kiberiti. Katika Steam, duka la magemu ya kompyuta mtandaoni, jalada dogo hupakiwa likiwa na pikseli (vidoa vidogo vinavyounda picha) 462 kwa 174, lakini duka lenyewe hulipunguza zaidi kwa baadhi ya sehemu, hadi kufikia pikseli 120 kwa 45. Kwa hiyo fungua faili la pikseli 120 kwa 45 kabla ya faili jingine lolote, na uchore humo madoa matatu au manne tu ya rangi. Ikiwa madoa hayo hayakuonyeshi ni mchezo gani, nakshi utakazoziongeza baadaye hazitalitatua tatizo hilo.

Fanya hesabu ya jina pia. Gemu langu lilikuwa likiitwa "Mashindano ya Makasia Ziwani", yaani nafasi 28 ukihesabu herufi pamoja na mapengo. Ukizipanga kwenye mstari mmoja wenye upana wa pikseli 120, kila nafasi inapata pikseli nne na kidogo, na herufi ya upana huo haisomeki hata kwa mwenye macho ya tai. Nilipolifupisha jina likawa "Makasia", kila herufi ilipata karibu pikseli 17. Sikulibadilisha jina kwa sababu ya ushairi wake. Nililibadilisha kwa sababu ya hesabu hiyo.

Hatua ya pili: chagua mtu mmoja na mwendo mmoja

Hapa ndipo magemu ya michezo yanapotofautiana na magemu mengine, na ndipo pa kutumia muda mwingi. Mchezo ni mwili ulio katika mwendo, nalo jalada ni picha isiyotembea, kwa hiyo kazi yako ni kutafuta nukta moja ambayo jicho litaimalizia lenyewe. Nukta hiyo kwa kawaida huwa kabla ya tukio, si baada yake. Mguu ulioinuliwa nyuma ya mpira humfanya mtazamaji asubiri shuti. Mpira ukishaondoka, kinachobaki ni mtu aliyesimama vibaya.

Nilikwenda kukaa mwaloni Kirumba asubuhi tatu nikiwatazama wavuvi wakirudi, nikiwa na daftari badala ya kamera. Niligundua kwamba nilikuwa nimekosea hata chombo chenyewe. Nilikuwa nimechora makasia yaliyofungwa ubavuni mwa mtumbwi, ilhali niliowaona walishika makafi huru kwa mikono miwili: mkono wa juu unasukuma mpini, wa chini unavuta, na kiwiliwili chote kinaegemea mbele kabla bapa halijagusa maji. (Kwenye mashindano watu husema makasia kwa vyote viwili, na mimi nimebaki na jina hilo, ila mchoro hauna budi kujua tofauti.) Kuegemea huko ndiko kulikokuwa jalada langu. Niliwaondoa wapiga makasia kumi na saba, nikambakiza mmoja, nikamchora kuanzia kiunoni, bapa likiwa kiganja kimoja juu ya maji na matone yakidondoka.

Ili kuhakikisha umbo linajieleza, lijaze lote kwa rangi nyeusi pasipo uso, jezi wala kivuli. Mikono ikimezwa na kifua, isogeze nje ya mwili. Mpiga makasia wangu alibeba kasia kwa mshazari kutoka kona ya juu kushoto hadi kona ya chini kulia, na mstari huo peke yake ulitosha kuleta mwendo.

Hatua ya tatu: rangi

Sisi wa ziwani tuna ugonjwa wa bluu. Kurasa za Steam nazo zina mandharinyuma ya bluu iliyokoza, hivyo jalada lenye maji ya bluu na mbingu ya bluu hupotea humo kama dagaa kwenye wavu wa sangara. Nilitumia rangi ya machungwa ya jua linapozama, na mpiga makasia akawa giza mbele yake. Kisha iondoe rangi yote, ubaki na kijivu: mchezaji na mandhari vikikaribiana kwa mwanga, jalada litafifia kwenye simu iliyopunguzwa mwanga ili kuokoa chaji.

Hatua ya nne: panga upya kwa kila umbo, usikate

Weka mchezaji, mandhari na jina kwenye matabaka tofauti. Programu za kuchorea za Krita na GIMP hufanya hivyo bila malipo. Jalada kuu la Steam ni pikseli 1232 kwa 706, la wima ni 748 kwa 896, duka la itch.io hupendekeza 630 kwa 500, na Google Play huhitaji picha ya 1024 kwa 500 pamoja na ikoni ya 512 kwa 512. Anayelikata la mlalo ili apate la wima humkata mchezaji kiwiko. Kwenye la wima nilimgeuza mpiga makasia amwelekee mtazamaji, jina likapanda juu. Kwenye ikoni hakuna jina kabisa.

Hatua ya tano: kanuni na haki

Tangu tarehe 1 Septemba 2022, Steam hairuhusu alama za wahakiki, majina ya tuzo wala maneno ya punguzo la bei juu ya majalada ya msingi. Panaruhusiwa mchoro, jina la gemu na jina lake dogo rasmi. Nembo za klabu na sura za wachezaji zina wenyewe pia. Kampuni kubwa kama EA ililazimika kuliita gemu lake la soka, lililokuwa likiitwa FIFA, EA Sports FC mwaka 2023 baada ya mkataba wake na FIFA kumalizika, kwa hiyo usidhani jezi ya Pamba Jiji, klabu ya Mwanza, itapita kwa sababu wewe ni mshabiki wa nyumbani. Buni jezi yako.

Hatua ya sita: jaribu kwa watu

Mwonyeshe mtu jalada kwenye simu kwa sekunde mbili, lifiche, kisha umuulize: "Ni gemu la nini?" Usimuulize kama amelipenda, kwa maana adabu yetu itamfanya akusifu hata kama hakuona kitu. Niliwauliza vijana wa kijiweni, madereva wa bodaboda na mama mmoja muuza sato, ambaye alijibu papo hapo kwamba ni mtu anayewahi mvua. Nilirudi nikaongeza pua ya mtumbwi wa pili nyuma yake, ili ionekane kwamba anakimbizwa na mpinzani.

Baada ya kuliweka dukani, fuata takwimu za walioliona jalada na waliolibofya, ambazo Steam na itch.io huzitoa zote mbili. Ukitaka kubadilisha, badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, na usilinganishe wiki ya punguzo la bei na wiki ya kawaida.