Kabla Hujamrudisha Mtoto Shuleni Tarehe 4

Naandika haya mwishoni mwa Desemba 2020. Jumatatu tarehe 4 Januari 2021 shule zinafunguliwa hapa Kenya kwa watoto wote, na wiki nzima hii simu yangu haina swali jingine: wako utampeleka? Tangu zilipofungwa katikati ya Machi kwa sababu ya Korona ni miezi tisa na zaidi. Mimi mmoja wangu alitangulia, maana yuko Gredi ya Nne, na hao pamoja na Darasa la Nane na Kidato cha Nne walirudi tarehe 12 Oktoba. Sasa wamebaki wawili. Sina mamlaka ya kumwambia mtu ampeleke mwanawe wala amzuie. Lakini mahali nilipojikwaa Oktoba sitaki kuona mwingine akijikwaa, kwa hiyo keti usome, na ukimaliza inuka ufanye. Usiseme kesho.

Anza nyumbani. Sote tunakimbilia kuuliza shule ina madawati mangapi, kumbe swali kubwa limelala chumba cha pili. Mtoto akiambukizwa, mara nyingi ni mafua ya siku mbili tatu, au hata dalili haonyeshi; anayelazwa hospitali mara nyingi ni mtu mzima aliye karibu naye. Kwetu hapa Mombasa nyumba moja ina vizazi vitatu. Mama mkwe wangu ana kisukari na presha, na mjukuu wake tangu aachishwe ziwa hajui kulala ila ubavuni mwa nyanya. Basi hesabu watu wa nyumba yako mmoja mmoja: nani amevuka miaka sitini, nani anameza dawa kila siku, nani analala na nani. Mambo ya kuhamisha vitanda yafanywe wiki hii, watoto wakiwa bado wanaona ni mchezo. Ukingoja mpaka mtoto akohoe, nyanya ataona anatupwa na mtoto ataona kaadhibiwa.

Kama mtoto mwenyewe ana pumu, selimundu au ugonjwa wa moyo, mpeleke kwa daktari anayemjua, umuulize yeye. Si kundi la WhatsApp la wazazi wa darasa.

Barakoa ni tatu kwa kila mtoto: moja usoni, moja begini, moja kwenye kamba inakauka. Zitie alama kwa uzi, maana watoto hubadilishana barakoa kama wanavyobadilishana mahamri. Wangu alitoka nyumbani na ya buluu akarudi na ya maua, na alikuwa ameridhika kabisa na biashara yake. Chupa ya maji yake peke yake. Kalamu zake. Hayo mnayajua, sirudii.

Shule nenda ukaione kwa macho yako, usitosheke na picha. Mitungi yenye mifereji ilipangwa getini siku ya kwanza kila mahali, ikapendeza. Wewe ukifika fungua mfereji uone kama unatoa maji, kisha uulize maji hayo huletwa na nani yakiisha. Angalia madirisha yanafunguka au yamepigiliwa misumari. Habari ya kukaa mbalimbali mita moja na nusu, tusidanganyane: darasa la watoto sitini haligeuki kuwa la thelathini kwa sababu waziri wa elimu amesema, na waziri mwenyewe, Profesa Magoha, hakuficha kwamba nafasi haitoshi na kwamba tegemeo ni barakoa. Kwa hiyo usiulize kama watakaa mbalimbali. Uliza ni masomo gani yatafanyiwa nje chini ya mwembe, na kama mwalimu naye huvaa barakoa yake mdomoni au kidevuni.

Mwenye mtoto shule ya kibinafsi, piga simu kwanza ujue kama shule ingalipo. Nyingi zimefunga moja kwa moja, na kule Mwea kuna iliyogeuza madarasa kuwa mabanda ya kuku. Ikiwa ipo, uliza karo inayodaiwa ni ya muhula gani, maana wanarudi kusoma muhula wa pili wa mwaka 2020, siyo kuanza mwaka mpya. Pata jibu kwa maandishi.

Sasa nije kwenye lililonitoa machozi.

Ilikuwa Jumatano, wiki ya pili tangu wafungue. Asubuhi getini mwanangu alipimwa joto kama kila siku. Kile kipimo cha askari wetu, niwaambie, kilikuwa kikisoma 33 kwa kila anayepita. Kwa hesabu hiyo shule nzima ilikuwa ya maiti, na hakuna aliyeshtuka. Saa nne, wakati wa mapumziko, mtoto akalalia dawati. Mwalimu akamgusa shingo, moto. Akafanya alivyoagizwa: akamtoa darasani, akapelekwa kwenye chumba cha kutengea wagonjwa, ambacho kila shule ilitakiwa iwe nacho. Cha kwetu kilikuwa stoo ya vifaa vya michezo.

Wakapiga simu. Nambari iliyokuwa kwenye daftari la ofisi ni ile niliyoiandika 2017, siku ya kumwandikisha darasa la kwanza. Laini hiyo ilikwenda na simu niliyoibiwa sokoni Kongowea, nikanunua nyingine, na haikunijia kabisa kwamba shule ina ile ya zamani. Matangazo yao nilikuwa nikiyasikia kwa jirani. Nambari ya pili ni ya baba yake, dereva wa lori, na siku hiyo alikuwa njiani kwenda Malaba, mpakani na Uganda, simu haina chaji. Nambari ya tatu haikuwepo. Nafasi yake ilikuwepo kwenye fomu, tena imeandikwa vizuri, jamaa au jirani wa karibu. Niliiacha tupu kwa sababu foleni ilikuwa ndefu na jua kali.

Alikaa humo tangu saa nne hadi karibu saa kumi. Chakula kiliwekwa mlangoni, aliyekileta akarudi nyuma hatua tano ndipo akamwita. Hakuna aliyeketi naye. Siwalaumu sana, siku hizohizo hapa mjini shule zilikuwa zimeanza kufungwa tena kwa sababu ya walimu waliopatikana na virusi, na kila mtu ana watoto wake nyumbani. Mimi nilikuwa kwenye karai langu nakaanga viazi vya jioni. Mtoto wa jirani, wa Darasa la Nane, akapita na begi mgongoni akanambia kama anayenipa salamu: "Mama, yule wenu ana Korona, amefungiwa stoo."

Viazi niliviacha kwenye mafuta. Nilimkuta ameketi juu ya wavu wa goli uliokunjwa, shati amelivua, barakoa imelowa chapachapa. Neno lake la kwanza: "Mama, kwani mimi nimefanya nini?"

Zahanati ya kwanza ilituzuia mlangoni kwa ile homa. Ya pili walimdunga kidole, wakatia tone la damu kwenye kipimo, dakika ishirini jibu likatoka. Malaria. Pwani hii hii tuliyozaliwa na malaria, mwaka mmoja wa Korona tayari tumesahau kwamba kuna homa nyingine duniani. Alikunywa dawa ya mseto siku tatu, ya nne yuko juu ya mpera. Mwili ulipona. Lakini shule ilitaka barua ya daktari kabla ya kumpokea, nami sikuwa nimeomba barua, ikabidi nirudi kupanga foleni upya. Na yeye mwenyewe aligoma kwenda kwa wiki nzima. Alipokubali, wenzake walikuwa wameshampa jina. Wanamwita Stoo. Mpaka leo, hata uwanjani, "Stoo, pasi!" Anacheka sasa. Mimi bado sijacheka.

Na usiku ule wa kwanza, kabla sijaamini kwamba ni malaria tu, nilisimama katikati ya nyumba sijui nimlaze wapi. Nyanya yupo kitandani anamwita mjukuu wake. Ndipo nikaona tulipanga siku zote za mtoto mzima, sare, daftari, barakoa, sanitaiza, na siku ya mtoto mgonjwa hatukuipangia hata kikombe.

Kwa hiyo fanyeni hivi, na msiniambie mna haraka. Nendeni ofisini wenyewe, mwambieni karani afungue daftari mbele yenu, nambari isomwe kwa sauti, na ipigwe hapo hapo mpaka simu yenu ilie mkononi. Andikisheni watu watatu. Wa tatu awe mtu anayeweza kufika shuleni kwa miguu ndani ya nusu saa: fundi cherehani wa karibu na geti, shangazi asiye na kazi ya ajira, mwenye duka. Kisha mpe shule barua yenye sahihi yako inayomruhusu mtu huyo kumchukua mtoto, la sivyo watamrudisha mikono mitupu, na watakuwa na haki. Mwenyewe umwombe kwanza kwa adabu, umweleze kwamba huenda akamshika mtoto mwenye homa, naye ana haki ya kukataa. Wa kwanza niliyemwomba alikataa. Nilimshukuru, maana angekubali kwa aibu siku yenyewe asingeonekana.

Ombeni kukiona chumba chenyewe. Kina dirisha? Kina godoro, au mtoto ataketi juu ya mipira? Nani atakaa mlangoni azungumze naye? Mwalimu mmoja mwenye barakoa aliyeketi kwenye kiti mita mbili kutoka mlangoni angetosha kabisa siku ile. Ulizeni mtoto akirudi wanataka karatasi gani. Ni barua ya zahanati tu, au wanataka kipimo cha Korona, ambacho hospitali za kibinafsi ni maelfu ya shilingi? Jibu hilo ulijue leo.

Na mtoto aambiwe mapema, kwa sauti ya kawaida, siyo ya matanga: ukijisikia vibaya shuleni utawekwa chumba cha peke yako kwa sababu ndiyo taratibu, hukukosea kitu, na fulani atakuja kukuchukua kabla ya adhuhuri. Umtajie jina la huyo fulani.

Halafu ujue utampeleka wapi. Wauguzi na maafisa wa kliniki wa hospitali za umma wamegoma tangu tarehe 7 Desemba, na ninavyoandika hawajarudi. Zahanati uliyoizoea huenda ina kufuli. Pita uione, uulize bei ya ya kibinafsi iliyo jirani, na uweke pesa ya malaria na ya tuktuk mahali ambapo hata mgeni akija hutaigusa.

Kuna jambo jingine nitalisema hata kama litaudhi. Wapo wanaompa mtoto Panadol saa kumi na moja alfajiri ili joto lishuke apite getini. Najua sababu: kazi ya kibarua ukikosa siku moja unakuta mwingine kashika nafasi. Lakini saa tano dawa imeisha nguvu, homa imerudi, na mtoto yuko katikati ya wenzake sitini. Mwenye homa alale nyumbani. Kama huna wa kumwachia, huyo naye mtafute wiki hii, pamoja na wale watatu.

Na ukiamua kutompeleka kabisa, sema ukweli kuhusu nani atamfundisha. Vipindi vya redio na televisheni tulikuwa navyo miezi yote hii, na tumeona wangapi walivifuata. Wavulana wameonja pesa ya kuuza maji ya chupa barabarani, hawataki tena kusikia hesabu. Wasichana wengine hali zao mnazijua. Nyumba nayo ina hatari zake, tusiifanye pepo. Kama sababu yako ni ya kweli, ya ugonjwa wa mtoto au wa mtu wa nyumbani, mwandikie mwalimu mkuu barua na ubaki na nakala, kwa kuwa Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inambana mzazi anayemkalisha mtoto bila sababu ya maana, na chifu akija kugonga uwe na cha kumwonyesha.

Mengine ni ya kujihadhari tu. Tuktuk ya watoto tisa kwa abiria watatu haina maana ya barakoa, bora watembee kwa kundi. Akirudi, anawe kabla ya kumkimbilia nyanya, sare moja kwa moja kwenye beseni. Msisambaze ujumbe wa sauti wa mtu asiyejulikana kuhusu shule fulani. Msimcheke mtoto wa mtu. Mkisikia shule imefungwa tena, msishangae, na mpango wa nani atabaki nyumbani uwe tayari.

Nilisahau viatu. Vile vya Machi havimtoshi yeyote. Mvalishe mtoto leo, atembee mpaka mlangoni na kurudi. Wangu wa mwisho alipovua jana vidole vilikuwa vimekunjamana kama tangawizi, na alikuwa hajasema kitu kwa kuogopa kwamba nitasema sina pesa. Jumapili tarehe 3 Kongowea hakutapitika.