Somo: Namna ya kupima ujumbe wa saratani kabla haujaenda kwa watu

Wadau, habari za jioni. Niliahidi somo hili muda mrefu, maana wengi wenu mko mwaka wa mwisho na mnahangaika na mapendekezo ya utafiti yenye kichwa cha "elimu ya saratani kwa jamii". Nitatumia mfano mmoja mwanzo mpaka mwisho: ujumbe wa kuwaita wanawake wa miaka 30 hadi 50 wakapimwe dalili za awali za saratani ya mlango wa kizazi kwa ile njia ya siki. Ndio ninaoufahamu, na kwetu Tanzania ndiyo saratani inayotusumbua kuliko nyingine. Makadirio ya 2022 yalikuwa wagonjwa wapya zaidi ya 10,000 kwa mwaka.

Hatua ya 1: Andika mtu unayemtaka afanye nini, halafu nenda ukaone kama inawezekana

"Kuongeza uelewa" si lengo. Lengo ni hili: mama wa miaka 30 hadi 50, mkazi wa kata fulani, afike kliniki ndani ya siku 30 akapimwe. Kama huwezi kumhesabu kwenye rejista, bado hujapata lengo.

Kabla hujaandika neno lolote, panda daladala uende kwenye kituo cha afya chenyewe. Mimi hili nililijua kwa aibu. Tulibandika mabango, akina mama wakaitika, wengine wametoka na watoto mgongoni tangu alfajiri. Kufika, wanaambiwa muuguzi aliyefunzwa yupo Jumanne na Alhamisi tu, tena wiki ile siki imeisha. Siki jamani! Ile asidi ya asetiki ya asilimia 3 hadi 5 ambayo inapakwa kwenye mlango wa kizazi, unasubiri dakika moja, unaangalia kama kuna sehemu imegeuka nyeupe. Mama mmoja akaniuliza kwa upole kabisa kama akanunue dukani aje nayo. Sikuwa na la kumjibu. Bango letu halikuwa na kosa hata moja la Kiswahili.

Hatua ya 2: Okota maneno ya watu

Kaa na wanawake sita au wanane, mmoja mmoja, uwaache waongee. Usisahihishe. Bango linasema "saratani", mtaani ni "kansa", na nimekutana na waliodhani ni magonjwa mawili: kansa ndiyo ile inayoua, saratani ndiyo inayopimwa hospitali. "Kihatarishi" ni neno la semina. Na "hatari" yenyewe imeshachakaa, mshambuliaji akifunga mawili, "huyu jamaa ni hatari!"

Neno la kuliogopa zaidi ni "kizazi". Tanzania ilipoanza kuchanja wasichana wa miaka 14 nchi nzima mwaka 2018 kuwakinga na saratani hii, maneno ya kwamba chanjo inaleta ugumba yalizunguka mitaani. Watu wa afya walilaumu ujinga. Mimi nalaumu pia ufupisho wetu: ukimwambia mzazi "chanjo ya kizazi", sikio lake limezoea "kufunga kizazi" tangu siku za uzazi wa mpango, litasikia hilo. Sema "chanjo ya kirusi cha HPV", kisha eleza kwamba aina mbili za kirusi hicho, ya 16 na ya 18, ndizo zinazosababisha takribani asilimia 70 ya saratani hii.

Hatua ya 3: Namba zisemwe kwa vichwa vya watu

Hapa ndipo tunapopotea wengi, nami nitakawia kidogo.

Oktoba 1995 mamlaka za dawa Uingereza zilitangaza kwamba aina mpya za vidonge vya uzazi wa mpango zinaongeza mara mbili hatari ya damu kuganda. Kweli tupu. Lakini ilikuwa inatoka mwanamke 1 kati ya 7,000 kwenda 2 kati ya 7,000. Wanawake waliacha vidonge kwa hofu, na mwaka uliofuata utoaji mimba England na Wales uliongezeka kwa takribani 13,000. Na ujauzito wenyewe unagandisha damu kuliko vile vidonge.

Miaka 20 baadaye, Oktoba 2015, shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO likaweka nyama za kusindikwa, soseji na wenzake, kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani, na kusema gramu 50 kila siku zinaongeza hatari ya saratani ya utumbo mpana kwa asilimia 18. Watu wakasikia kwamba mla soseji ana asilimia 18 za kuugua. Kwa Waingereza hesabu halisi ilikuwa karibu hivi: katika watu 100, badala ya 6 kuugua maishani, wataugua 7.

Kwa hiyo kila namba ipe mama yake: kati ya watu wangapi, na kwa muda gani. Epuka "mara mbili zaidi", maana kwa Kiswahili wengine wanasikia mara mbili, wengine wanasikia imezidi kwa mara mbili, yaani mara tatu. Na kigawanyo, ile "kati ya wangapi", kisibadilike. Usiseme "1 kati ya 25" kisha "1 kati ya 40" ukategemea mtu ajue ipi kubwa. Mimi natembea na ungo na maharage 100. Tisini na kitu meupe, machache mekundu. Namwambia mama "hawa ni wanawake mia wa hapa", nauzungusha ungo mbele yake. Watu wanainama, wanahesabu mekundu kwa kidole, wengine wanaanza kuyapa majina ya majirani. Kwenye karatasi ya asilimia sijawahi kuona mtu akiinama.

Hatua ya 4: Ukitisha, onyesha mlango

Mtafiti Kim Witte aliandika mwaka 1992 kwamba mtu aliyetishwa ana njia mbili: kuidhibiti hatari, au kuidhibiti hofu yake. Akiona njia ya kujiokoa na anaiweza, anaishika. Asipoiona, anafumba macho, anasema ni mipango ya Mungu, anakasirikia bango. Mwaka 1998 yeye na wenzake walitoa tathmini ya kampeni za UKIMWI kando ya barabara kuu ya Kenya, kwa madereva wa malori, matingo na wanawake wanaouza ngono kwenye vituo vya malori. Woga ulikuwepo wa kutosha. Kilichopungua ni imani kwamba kinga inafanya kazi na kwamba mtu mwenyewe anaiweza.

Utafiti wa pili ni wa zamani zaidi, wa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, 1965, kuhusu chanjo ya pepopunda. Picha za kutisha ziliongeza nia, lakini nia haina miguu. Waliopewa pia ramani yenye alama ya duara pale zahanati ilipo, wakaambiwa waangalie ratiba yao wapange saa ya kwenda, karibu asilimia 28 walichanjwa. Wasiopewa, asilimia 3 hivi. Na wote walikuwa wanajua zahanati ilipo!

Basi andika matoleo mawili. La A: "Saratani hii haiumi mwanzoni. Pima mapema." La B: maneno hayohayo, ukiongeza siku, chumba, bei kama ipo au bure, inachukua dakika ngapi, na kwamba anayepima ni muuguzi mwanamke. Ila hilo la mwisho uliandike kama ni kweli.

Hatua ya 5: Ujumbe urudi kutoka kinywani mwa msikilizaji

Msomee mtu, ondoa karatasi, umwombe amwelezee shoga yake ambaye hakuwepo. Usiulize "umeelewa?", utajibiwa ndiyo kwa heshima. Andika anachosema neno kwa neno. Toleo letu la kwanza lilianza na "Kinga ni bora kuliko tiba", na karibu wote walilirudisha hilo vizuri sana na kusahau mengine yote. Tulilifuta.

Hatua ya 6: Linganisha

Gawa watu kwa kura, si kwa kuwachagua. Hesabu waliofika kituoni. Kama unategemea B ipandishe mahudhurio kutoka asilimia 20 hadi 30, unahitaji takribani wanawake 290 kila upande. Ukiwa na 40 kila upande, utaambulia hadithi tu. Vibali mnavijua: kamati ya maadili, mkoa, wilaya, mtendaji wa kata, na mwenyekiti wa mtaa, ambaye ukimruka utamkuta kila mlango.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanafunzi wa uuguzi, Dodoma: Shikamoo mwalimu. Sina muda wa kusubiri rejista. Nikiuliza tu "je, utaenda kupima?" haitoshi?

Marahaba. Itakupa nia, basi iite nia kwenye ripoti. Kwetu mgeni aliyekuja na kalamu hajibiwi "siendi". Kama muda ni mfupi, wape vikaratasi vya rangi mbili, moja ya A na nyingine ya B, waviache mapokezi, utahesabu baada ya wiki tatu.

Mhudumu wa afya ngazi ya jamii, Kwale: Wanawake wangu wote wanakutana kisimani. Wa A atamhadithia wa B kabla jua halijazama.

Ndiyo, na hutawazuia. Piga kura kwa vijiji, kijiji kizima A, kingine B. Ila jua kwamba watu wa kijiji kimoja wanafanana, kwa hiyo zile 290 hazitoshi tena. Tafuta mtu wa takwimu mapema, na uongeze vijiji kuliko kuongeza watu ndani ya kijiji.

Mwanachama, Mbeya: Hii ya kushawishi si ndiyo wanayofanya wauza sabuni? Tunamshawishi mtu kuhusu mwili wake?

Swali zuri, na sina raha nalo mpaka leo. Uingereza mwaka 2013 walibadilisha kipeperushi cha uchunguzi wa saratani ya matiti kikaeleza na madhara: kwa kila mwanamke 1 anayeokolewa, takribani 3 wanatibiwa saratani ambayo isingewasumbua maishani. Wakamwachia mwanamke aamue. Kwangu mpaka ni huu: kama kuna jambo naliacha kwa sababu nikilisema hataenda, hapo nimeshakuwa muuza sabuni. Ndiyo maana B yangu inasema pia kwamba weupe ukionekana, si lazima iwe saratani, na matibabu mara nyingi ni siku hiyohiyo.

Mshauri nasaha, Shinyanga: Wanaoishi na VVU hatari yao ni kubwa zaidi. Niliweke kwenye bango?

Ni kubwa kweli, karibu mara sita. Lakini tulipojaribu kuliweka kwenye bango la wote, mama wa kwanza kulisoma alisema, "Kumbe foleni ile ni ya wale." Sasa tunalisema ndani ya CTC, kliniki ya wanaoishi na VVU, mtu na muuguzi wake, mlango umefungwa.