Namna ya Kumsawiri Mhusika Msaidizi Mwema na Msahaulifu Katika Anime ya Fantasia

Kabla ya kuandika kichekesho hata kimoja, mwandishi anapaswa kujibu swali moja: mawazo ya mhusika huyu yanapoliacha jambo lililo mbele yake, huenda wapi? Usahaulifu usio na mwelekeo hugeuka upesi kuwa upumbavu, na mpumbavu huchekwa mara mbili au tatu kisha mtazamaji akamchoka. Mtu ambaye mawazo yake huvutwa kila mara na jambo lilelile ni tofauti kabisa, kwa sababu tunaweza kumtabiri, tunaweza kumwonea huruma, na baada ya muda tunaanza sisi wenyewe kutazama kule anakotazama yeye.

Tuchukue mfano wa kubuni. Runa ni tabibu mwanagenzi katika msafara wa watu wanne wanaovuka nchi yenye mizimu ya usiku. Amepewa kazi mbili: kubeba mkoba wa dawa, na kuchora kwa chaki duara la ulinzi kila msafara unapopiga kambi. Kazi ya pili humshinda mara kwa mara, ingawa si mvivu wala si mzito wa kuelewa. Masikio yake yako kwenye pumzi za watu. Akisikia mtu anayehema vibaya, hata akiwa adui aliyefungwa kamba mtini, mkono huiacha chaki na miguu humpeleka kule kule, na duara hubaki na upenyo wa shubiri moja. Hapo wema wake na usahaulifu wake vina chanzo kimoja, na mwandishi hawezi kukiondoa kimoja bila kukiharibu kingine. Kama mhusika wako ni mwema katika onyesho hili na msahaulifu katika onyesho lile, bila uzi unaoziunganisha tabia hizo mbili, bado hujapata mhusika; una sifa mbili zilizovalishwa vazi moja.

Chanzo kikishajulikana, andika orodha mbili na uzitunze hadi mwisho wa msimu, yaani mfululizo mzima wa sehemu za anime. Katika ya kwanza weka mambo anayoyasahau, na katika ya pili weka mambo asiyoyasahau kamwe. Runa husahau fimbo yake, njia waliyojia, siku ya mwezi, na jina la mfalme anayezungumza naye ana kwa ana. Hasahau ni nani kati ya wenzake anayeogopa giza, nani hawezi kumeza dawa chungu, wala jeraha la zamani la mtu aliyekutana naye mara moja tu barabarani. Kwa kifupi, husahau vitu na nyakati, hasahau watu. Mstari huo ndio unaomlinda mhusika mbele ya mtazamaji, na waandishi wengi huuvuka kwa sababu tu kichekesho kimewavutia: wanamfanya asahau kwamba rafiki yake amefiwa, watu wanacheka kidogo, lakini kuanzia hapo wema wake hauaminiki tena. Unaweza kuuvuka mstari huo kwa makusudi mara moja katika hadithi nzima, iwapo tukio hilo ndilo jeraha kuu la mhusika, na usiuvuke kwa sababu nyingine.

Mhusika huyu hafanyi kazi akiwa peke yake. Anime, yaani katuni za Kijapani, imerithi mengi kutoka manzai, sanaa ya vichekesho vya Japani inayochezwa kwa kawaida na watu wawili: boke, ambaye husema au kufanya lisilofaa kwa moyo mweupe, na tsukkomi, ambaye humrekebisha papo hapo. Sura yake ya kisasa, ile ya mazungumzo ya haraka kati ya watu wawili waliosimama jukwaani, ilipata umbo mjini Osaka kupitia Entatsu na Achako, walioanza kucheza pamoja mwaka 1930. Mtazamaji wa anime, hata asiyewahi kuisikia manzai, ameshazoea mpigo huo, kwa hiyo akimwona mtu akitafuta chaki iliyo sikioni mwake mwenyewe, tayari anamngojea mwingine aseme neno. Ni nani utakayempa kazi hiyo?

Jibu la haraka huwa ni mpiganaji mwenye hasira za karibu, ambaye humfokea msahaulifu au kumpiga kofi la utosini. Mbinu hiyo ina umri mrefu na bado inachekesha, ila inachakaa haraka kuliko waandishi wengi wanavyodhani, kwa kuwa mtu mwema anayefokewa katika kila sehemu huanza kuonekana kuwa anaonewa, na kundi zima linalotazama bila kusema lolote hupoteza heshima pamoja na mfokaji. Ni afadhali mrekebishaji awe mtu aliyekwisha kumzoea. Katika msafara wa Runa, kiongozi Dagan haongei sana. Hubeba kipande cha pili cha chaki mfukoni, na kila jioni huzunguka duara kimyakimya akiziba mapengo. Tendo hilo hurekebisha kosa, huchekesha likirudiwa kwa mabadiliko madogo, na hutuambia habari za Dagan zaidi kuliko hotuba yoyote. Zaidi ya hayo, linaandaa taharuki: mtazamaji anajua kwamba siku Dagan atakapojeruhiwa, hakutakuwa na wa kuziba.

Hapa ndipo fantasia inapompa mwandishi nafasi ambayo hadithi ya maisha ya kawaida haina. Mtu akisahau mwavuli, ataloa. Lakini katika ulimwengu wenye sheria za uchawi, kusahau kuna bei iliyoandikwa, na bei hiyo mtazamaji anaweza kuijua kabla ya kosa kutokea. Kwa hiyo eleza sheria mapema na kwa uwazi: duara lisilofungwa halilindi nusu, halilindi hata kidogo. Kisha acha kosa liwe dogo katika tendo lakini kubwa katika matokeo, na hakikisha kwamba wa kwanza kulipa ni mhusika mwenyewe. Upenyo wa shubiri moja ukiingiza mzimu unaoiba sauti, sauti inayopotea iwe ya Runa, si ya mtoto waliyemkuta njiani. Makosa yanayogharimu muda, mali, aibu au maumivu ya mhusika mwenyewe yanaweza kurudiwa. Kosa linalomuua mtu haliwezi, kwa sababu baada ya kifo kila kichekesho kinachofanana na kile kitasikika kama dhihaka. Ukiamua kulitumia, litumie ukijua kwamba unafunga mlango wa ucheshi kwa muda mrefu.

Hatari iliyo kinyume cha hiyo ni sadfa njema. Msahaulifu anaangusha chupa ya dawa, joka linateleza, vita vinakwisha. Hadithi nyingi zimewahi kufanya hivyo, na kila mara mtazamaji hujihisi amedhulumiwa, kwani ushindi haukutoka kwenye uamuzi wa yeyote. Acha usahaulifu wake uzue matatizo. Utatuzi utoke kwenye kile alichokuwa akikizingatia alipokuwa anasahau. Runa, ambaye amesikiliza pumzi za watu tangu sehemu ya kwanza, ndiye peke yake anayegundua kwamba malkia anayejifanya mgonjwa anahema kama mtu mzima wa afya. Hakubahatisha. Alikuwa akilifanya jambo lilelile linalomfanya asahau chaki.

Ugunduzi huo haumalizi mgogoro. Runa anampa mhusika mkuu kipande kinachokosekana, kisha mhusika mkuu anaamua la kufanya. Mhusika msaidizi akianza kutoa maamuzi makuu, msuko unayumba, hata kama watazamaji wanampenda, na pengine hasa kwa sababu wanampenda.

Muda nao ni mchache. Sehemu moja ya anime ya televisheni huwa na takriban dakika 24, na wimbo wa kufungulia na wa kufungia huchukua takriban dakika moja na nusu kila mmoja, hivyo hadithi yenyewe hubakiwa na kama dakika 21, mara nyingi zikiwa zimegawanywa katika nusu mbili. Msimu mmoja kwa kawaida huwa na sehemu 12 au 13. Mhusika msaidizi atapata dakika mbili au tatu katika sehemu nyingi, na katika moja au mbili atapata zaidi. Panda kosa katika nusu ya kwanza kwa tendo lisilotiliwa mkazo, kama vile chaki inayowekwa chini ya mti, kisha litoe katika nusu ya pili bila kuelezea upya. Katika mpango wa msimu, tabia yenyewe ijulikane kufikia sehemu ya tatu, bei yake ionekane katikati, na faida yake isije kabla ya bei hiyo kulipwa.

Katika mazungumzo, mwandishi asimwache mhusika ajitangaze. Sentensi kama «Lo, nimesahau tena, mimi kweli sina akili!» humpa mtazamaji hitimisho badala ya ushahidi. Msahaulifu halisi hajui kwamba amesahau. Kwake yeye, wengine ndio wanaouliza mambo yasiyohusika.

«Duara limefungwa?» Dagan aliuliza.

«Anahemea upande wa kushoto tu.»

«Nimekuuliza habari za duara, Runa.»

«Ubavu umevunjika, kiongozi. Nisaidie kumgeuza, lakini taratibu.»

Dagan alitazama chini ya mti, akaiona chaki, akapiga magoti kwanza kumgeuza mfungwa.

Hakuna aliyetamka neno usahaulifu wala neno wema, na hata hivyo vyote viwili vimeonekana, pamoja na uamuzi wa Dagan wa kuanza na mfungwa kabla ya duara.

Mwandishi wa anime anaandikia wachoraji pia. Filamu hupita kwa picha 24 kila sekunde, lakini mchoro mmoja kwa kawaida hushikiliwa kwa picha mbili au tatu, yaani michoro mipya 12 au 8 kwa sekunde, na kila kuyumba, kujikwaa na kuangusha vitu huongeza kazi ya mikono. Usahaulifu unaoonekana katika utulivu huwa wa nafuu na mara nyingi ni mzuri zaidi: macho yanayotazama nje ya kundi wakati wote wanamtazama mfalme, kitufe kilichofungwa kwenye tundu lisilo lake, mkoba ulioachwa wazi. Zipo pia alama zilizozoeleka, kama ahoge, ule unywele mmoja unaosimama utosini, na ule mchoro wa kichekesho wenye kichwa kikubwa na mwili mdogo. Zitumie kwa kiasi. Wema wake unapojitokeza, mchoro urudi kwenye umbo la kawaida, la sivyo tendo la huruma litasomwa kama sehemu ya mzaha.

Naongeza pendekezo ambalo si la lazima. Nafasi hii imejazwa mno na wasichana wanaojikwaa ovyo ili kamera ipate pa kutazama. Jaribu kumpa tabia ileile mzee aliyestaafu uwindaji wa majoka, au mlinzi wa lango mwenye umbo la kutisha, uone ni vichekesho vipi vinabaki. Vitakavyobaki ndivyo vilivyotoka kwenye tabia.

Rasimu ikikamilika, mwondoe mhusika huyu katika kila onyesho, moja baada ya jingine, ukiuliza kama wengine wangeamua vilevile bila yeye. Pale ambapo wangeamua vilevile, kata onyesho au lipe kazi. Sehemu ya mwisho isomwe kwa ukali zaidi, kwa sababu hapo ndipo waandishi hushawishika kumponya: anakumbuka kila kitu, anafunga duara kwa ustadi, wote wanampongeza. Kumponya ni kudai kwamba tabia yake ilikuwa ugonjwa tangu mwanzo. Kama lazima kitu kibadilike, kibadilike katika mpangilio wa msafara: kazi ya chaki apewe mtu mwingine, na Runa akabidhiwe wagonjwa.