Kupanga kituo cha afya ugonjwa wa mlipuko unapoingia

Mwongozo huu ni wa wenzangu wa zahanati na vituo vya afya, kule mgonjwa anakofika kabla hajajulikana ana nini. Marburg, ugonjwa wa virusi unaoleta homa kali na kutokwa damu, ilipoingia Kagera mwaka 2023, watu 9 waliugua na 6 wakafariki, mhudumu wa afya akiwamo. Kwa hiyo panga kwanza usalama wa wahudumu. Wakiugua wao, hakuna wa kumhudumia mgonjwa.

Hatua ya 1: Anzia getini. Weka meza nje, chini ya turubai, si ndani ya mapokezi. Muuguzi aliyevaa barakoa akae angalau mita moja kutoka kwa mgonjwa, aulize kuhusu homa, kikohozi, kutapika, kutokwa damu, alikotoka, na kama amehudhuria msiba karibuni. Mlinzi naye afundishwe, maana yeye ndiye anayekutana na watu kwanza. Anayekohoa apewe barakoa hapohapo.

Hatua ya 2: Tenga njia. Mgonjwa anayeshukiwa asikatize kliniki ya wajawazito akielekea chumba chake, na awe na choo chake. Kwa magonjwa ya njia ya hewa kama UVIKO-19, fungua madirisha ya pande mbili ili upepo upite. Mganga mfawidhi apige simu wilayani siku hiyohiyo, asingoje majibu ya maabara.

Hatua ya 3: Changanya klorini. Soma asilimia iliyoandikwa kwenye chupa. Jiki ya 3.5%, kipimo kimoja kwa vipimo sita vya maji, inakupa 0.5%, ya kusafishia damu na matapishi. Chukua kipimo kimoja cha mchanganyiko huo, ongeza vinne vya maji, upate 0.1% ya kupangusia meza na vitasa wakati wa UVIKO-19. Ukishaipaka, iache ikae dakika 10. Tengeneza mpya kila siku, bandika lebo, na kamwe usimpulizie mtu.

Hatua ya 4: Vua vifaa vya kujikinga kwa utaratibu. Hapa naomba msiharakishe. Wakati wa kuvaa bado una nguvu. Wakati wa kuvua umechoka, umelowa jasho, unatamani hewa, na mkono unakwenda usoni wenyewe. Usivue peke yako: mwenzako asimame pembeni akisoma kila hatua kwa sauti, na asikubali uruke hata moja. Kwa gauni la kawaida la magonjwa ya njia ya hewa, anza na glovu, kisha gauni, ukilikunja upande wa nje uingie ndani. Takasa mikono. Vua miwani au ngao ya uso kwa kushika mkanda wa nyuma. Barakoa iwe ya mwisho, nayo ishikwe kamba tu, usiguse mbele. Takasa mikono tena, sekunde 20 hadi 30 kwa kitakasa, 40 hadi 60 kwa sabuni na maji. Kwa Ebola na Marburg vifaa ni vingine na mikono hutakaswa kila baada ya kuvua kimoja, kwa hiyo fuata mafunzo ya vifaa hivyo.

Hatua ya 5: Pima oksijeni. Kipimo cha kidoleni kikisoma chini ya 90% kwa mtu mzima, anza oksijeni mara moja. Jenereta ijaribiwe mapema.

Hatua ya 6: Fuatilia wahudumu. Aliyechomwa sindano au kurukiwa na majimaji aoshe papo hapo na atoe taarifa. Usimkaripie, la sivyo anayefuata ataficha. Kwa Marburg, apimwe joto kila siku kwa siku 21.