Kufuatilia maambukizi ya bakteria ya njia ya hewa kwa watoto: mwongozo kwa zahanati za Tanga

Desemba 2022, Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba Ufaransa, Ireland, Uholanzi, Sweden na Uingereza zilikuwa zimeona ongezeko la maambukizi makali ya streptokoka kundi A, bakteria wanaoshambulia koo na ngozi, hasa kwa watoto wa chini ya miaka 10. Mojawapo ya sababu zilizodhaniwa ni kwamba watoto hawakuwa wamekutana na vimelea vya kawaida wakati wa janga la UVIKO-19. Maelezo hayo hayafai kuhamishiwa Tanga yakiwa mazima, kwa kuwa kwetu shule zilifungwa Machi 2020 na kufunguliwa tena Juni mwaka uleule, yaani watoto walitengana miezi michache tu. Kama kuna ongezeko Pongwe au Tongoni, litajulikana kwa rejesta zetu wenyewe.

Hatua ya kwanza: kubalianeni nani anahesabiwa. Mtoto mwenye kikohozi au anayepumua kwa shida, akiwa anapumua haraka au kifua kinabonyea kwa ndani, aandikwe "nimonia". Msiandike "nimonia ya bakteria", kwa sababu dalili peke yake hazitofautishi bakteria na virusi.

Hatua ya pili: hesabuni pumzi kwa dakika nzima. Hapa ndipo takwimu nyingi huharibikia, kwani mtoto anayelia au anayenyonya hupumua isivyo kawaida. Mwambie mzazi, "Mama, mpakate kwanza anyamaze, kisha upandishe fulana yake," halafu tazama tumbo na kifua huku saa ikiwa mkononi. Kuhesabu sekunde 15 na kuzidisha kwa nne hakukubaliki, maana kosa la pumzi mbili linageuka kuwa nane. Kupumua haraka ni pumzi 60 au zaidi kwa mtoto wa chini ya miezi 2, 50 kwa wa miezi 2 hadi 11, na 40 kwa wa mwaka mmoja hadi asiyetimiza mitano. Andikeni namba yenyewe, si neno "haraka".

Hatua ya tatu: nakilini tarehe za chanjo kutoka kwenye kadi ya kliniki. Chanjo ya nimokoka, bakteria wanaosababisha nimonia, na ile ya pentavalenti ya magonjwa matano, ambayo ndani yake mna kinga ya kifaduro, hutolewa katika wiki ya 6, 10 na 14. Alama ya vema haitoshi, kwa sababu dozi iliyochelewa humwacha mtoto bila kinga katika miezi ambayo kifaduro huua zaidi.

Hatua ya nne: chukueni sampuli kabla ya dozi ya kwanza ya antibiotiki, lakini mtoto mwenye dalili za hatari asicheleweshewe dawa kwa ajili ya sampuli. Kwa kifaduro, tumieni kijiti chenye ncha ya polyesta, kwani asidi za mafuta zilizomo kwenye pamba huzuia bakteria hao kuota maabara.

Hatua ya tano: linganisheni masika na masika, vuli na vuli, na mwaka wa msingi uwe 2019. Mkilinganisha na 2020 au 2021, ambapo mahudhurio yenyewe huenda yalipungua, hata hali ya kawaida itaonekana kama mlipuko. Gawanyeni idadi ya nimonia kwa mahudhurio yote ya watoto wa chini ya miaka mitano, kisha angalieni umri kwa makundi.

Kwa kifaduro msisubiri chati ya mwezi. Mtoto aliyekohoa wiki mbili kwa vipindi vinavyoishia kwa kutapika, au mtoto mchanga anayekatika pumzi, mratibu wa ufuatiliaji wa magonjwa wa halmashauri apigiwe simu siku hiyohiyo.