Chambua kwanza vichwa vya risasi vya jeshi

Vichwa vya risasi vya ziada ya jeshi ni vya bei nafuu, ila mimi siviweki kwenye mashine ya kujazia risasi upya kabla sijavichambua. Natazama rangi ya ncha: kwa majeshi ya NATO, nyeusi hutoboa chuma, nyekundu au ya chungwa huwaka njiani. Vya rangi hizo naviweka kando, hata muuzaji aape kuwa ni vya kawaida. Kisha sumaku. Ikinasa, huenda kiini ni chuma, huenda ni gamba tu. Viwanja vingi vya shabaha huvikataa vyote vinavyonaswa. Napima pia: kichwa cha M80, risasi ya kawaida ya NATO ya aina iitwayo 7.62, kina gramu 9.5 hivi, kipenyo milimita 7.82. Vyenye makovu ya koleo lililovitoa kwenye maganda navitumia kwa shabaha za karibu. Baruti? Fuata kitabu cha mtengenezaji, anzia kipimo cha chini.