Kutengeneza povu la alumini lisilonywea

Mafundi wenzangu wa kuyeyusha hapa Mtwara, gesi siyo kazi kwenye povu la alumini, yaani alumini iliyoganda ikiwa imejaa viputo vya gesi, kazi ni kulizuia lisinywee kabla halijaganda. Puliza hewa kwenye maji matupu, mapovu yanapasuka hapo hapo, tia sabuni yanakaa. Alumini tupu iliyoyeyuka ndo hayo maji matupu, uji wake unachuruzika kwenda chini, kuta za viputo zinakonda, zinapasuka. Na kwenye nyuzi 660 za Selsiasi kwenda juu, alumini inapoyeyuka, huna sabuni, sabuni yako ni vichembe vigumu.

Sasa anza na kuufanya uji uwe mzito. Yeyusha ufike kama 680, tia kalsiamu asilimia 1.5 hivi ya uzito, koroga chungu kikiwa wazi dakika kadhaa, inashika oksijeni ya hewani vinatokea vichembe vya oksaidi, mpaka uone mwiko unakugomea kama ugali unaokaribia kuiva. Usiharakishe hapa jamani! Mara ya kwanza niliharakisha, povu likapanda vizuri mpaka mdomoni mwa chungu, halafu likashuka lote nikabaki na tonge zito chini na maganda juu.

Ndo uje kwenye gesi. Unga wa taitaniamu haidraidi, asilimia 1.6 hivi, koroga fasta sekunde chache tu, toa mwiko, acha ipande. Inayotoka ni haidrojeni na inawaka, kwa hiyo fanyia nje. Unga wa jiwe la chokaa nao unafaa, ila unataka joto zaidi, na liwe jiwe bichi, ile chokaa iliyochomwa tanurini gesi yake imeshatoka. Mimi jiwe nalipenda kwa sababu gesi yake, kabonidayoksaidi, inakula alumini kidogo inaacha ngozi ya oksaidi ndani ya kiputo, na hiyo ngozi inashikilia ukuta.

Unga wowote ukaushe kwanza, hewa yetu ya bahari ina unyevu na maji yakizama ndani ya alumini ya moto yanalipuka, vaa glavu na ngao ya uso.

Likishapanda usilisubirie, lipulizie feni nje ya chungu ligande. Kesho yake likate katikati kwa msumeno, kipande chake kinaelea kwenye ndoo ya maji. Ukikuta chini kuna tabaka zito lisilo na viputo ujue uji ulichuruzika, safari ijayo koroga kalsiamu muda mrefu zaidi au wahi kupoza.